Kaure ya wabunifu: unalipia udongo, kazi ya mkono au jina?

Msimu wa harusi ukianza, makundi ya wauza vyombo mtandaoni hujaa picha za seti nyeupe zenye ukingo wa dhahabu. Hii imeandikwa "kaure halisi", ile "seramiki ya Italia", nyingine "bone china ya mbunifu", na si ajabu ukakuta majina yote matatu yamebandikwa seti moja. Bei nazo hazisaidii. Seti mbili zinazofanana machoni zinauzwa kwa bei zilizoachana mbali, na kamati ya kitchen party inayotaka kumtunza bibi harusi mtarajiwa haina pa kushika.

Mkanganyiko unatokana na mambo matatu kuzungumzwa kana kwamba ni jambo moja. Kuna udongo uliofinyangwa. Kuna pambo, na mahali lilipokaa juu ya udongo huo. Na kuna mbunifu, ambaye kazi yake inaweza kuwa kubwa sana au ikawa jina tu kwenye kitako cha sahani. Kila moja lina jibu unaloweza kulitafuta mwenyewe dukani, sahani ikiwa mkononi.

Tuanze na udongo

Seramiki ni jina la ukoo mzima: chochote kilichofinyangwa kwa udongo na kuchomwa mpaka kikawa kigumu. Chungu cha kupikia, kigae cha sakafu, sinki la bafuni na kikombe cha ikulu vyote ni seramiki. Kwa hiyo neno hilo likiandikwa peke yake kwenye boksi, halijakuambia lolote kuhusu ubora.

Ndani ya ukoo huo, vyombo vya mezani vimegawanyika kwa mchanganyiko wa udongo na joto la tanuri. Vya moto mdogo huchomwa kwenye nyuzi 1000 hadi 1150 za Selsiasi. Ndani yake hubaki vitundu vidogo vinavyonyonya maji, ndiyo maana lazima vipakwe glezi, yaani tabaka jembamba la kioo linaloyeyushiwa juu ya udongo. Vinafuata vile vizito vya rangi ya mchanga au kijivu ambavyo migahawa ya kisasa inavipenda. Hivyo huchomwa kati ya nyuzi 1200 na 1300 na hukaza kama jiwe. Kisha kaure.

Kaure ngumu hutengenezwa kwa kaolini, feldispa na kwatzi (madini magumu yanayopatikana hata kwenye mchanga), kwa kawaida karibu nusu kaolini, robo feldispa na robo kwatzi. Kaolini ni udongo mweupe, na jina lake limetoka Gaoling, karibu na mji wa Jingdezhen nchini China. Sisi nasi tunao: vilima vya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, vina kaolini nyingi. Feldispa ni mwamba unaoyeyuka. Tanuri likipita nyuzi 1300, na katika viwanda vya Limoges, Ufaransa, na Meissen, Ujerumani, likikaribia 1400, feldispa hugeuka kioo kizito kinachojaza kila nafasi kati ya chembe nyingine, kama sukari iliyoyeyuka inavyoshikamanisha karanga za kashata. Chombo kikipoa hakina tena vitundu: maji kinayonyonya hayafiki nusu asilimia ya uzito wake. Kioo hicho hicho ndicho kinachofanya kaure ipitishe mwanga.

Hapo inaanguka dhana kwamba kaure ni dhaifu kwa kuwa ni nyembamba. Ukweli ni kinyume chake: huweza kutengenezwa nyembamba kwa sababu ni imara, na hoteli zinazoosha sahani mara nyingi kwa siku hutumia kaure ileile, ila nene zaidi. Kinachoiua ni pigo la ukingoni na joto la ghafla.

Bone china ni tawi la kaure lililokamilishwa Stoke-on-Trent, Uingereza, katika kiwanda cha Spode mwishoni mwa karne ya 18. Karibu nusu ya mchanganyiko wake ni jivu la mifupa iliyochomwa na kusagwa. Inayobaki ni kaolini na jiwe la Cornwall lenye feldispa. Jivu hilo ndilo linaloipa weupe wa maziwa na nguvu ya kustahimili hata ikiwa nyembamba sana.

Swali linaloulizwa sana pwani ni kama mifupa hiyo ni ya nguruwe. Mapishi ya jadi hutumia mifupa ya ng'ombe, na sababu ni ya kiufundi: ina chuma kidogo, na chuma huharibu weupe. Lakini mhuri wa kitako hautaji mnyama wala jinsi alivyochinjwa. Katika fiqhi, wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi huona kitu kilichogeuka jivu kimebadilika dhati yake. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, ni makali zaidi katika jambo hili. Asiyetaka kubaki na shaka amwulize sheikh wake, au anunue kaure ngumu, ambayo haina mfupa hata chembe. Ukiona maandishi "New Bone China", fahamu kwamba kwa kawaida chombo hicho kina jivu kidogo la mifupa au hakina kabisa.

Tena, vyombo vingi vya bei nafuu vinavyoitwa kaure sokoni si udongo kabisa. Ni kioo cheupe kilichotiwa rangi ya maziwa, au ni melamini, ambayo ni plastiki ngumu. Sahani za kioo hicho ni nyepesi na hazivunjiki ovyo, ila zikivunjika hutawanyika vipande vingi vyenye makali. Melamini haifai kuingizwa kwenye maikrowevu. Sina neno na vyombo hivyo, mradi viuzwe kwa jina lake na kwa bei yake.

Geuza sahani

Ushahidi uko kwenye kitako. Kaure ngumu ina duara jembamba lisilo na glezi, jeupe na kavu, kwa sababu kwenye joto la nyuzi 1400 glezi ikigusa rafu ya tanuri ingegandana nayo. Bone china huchomwa kinyume: kwanza udongo mtupu kwenye nyuzi 1250 hivi mpaka ukaze, kisha glezi kwa moto mdogo zaidi, karibu 1100. Kwa kuwa udongo umeshakaza, chombo kinaweza kupakwa glezi mpaka kitakoni na kushikiliwa tanurini kwa ncha ndogo. Ukipapasa kwa kidole, mara nyingi utakuta alama ndogo tatu zilizoachwa na ncha hizo. Kioo cheupe hakina sehemu kavu popote, na melamini utaitambua kwa wepesi wake na kwa kukosa ubaridi ukiishika.

Pale pasipo na glezi dondoshea tone la maji. Likikaa juu, udongo umekaza. Likinywewa na kuacha doa, una chombo cha moto mdogo mkononi, hata boksi liseme nini. Kisha washa tochi ya simu nyuma ya ukingo wa sahani na upitishe kidole kati ya taa na sahani: kwenye kaure nyembamba utaona kivuli cha kidole kikitembea. Sahani nene haitapitisha mwanga hata ikiwa kaure safi, na kioo cheupe nacho hupitisha mwanga, kwa hiyo kipimo hiki kisisimame peke yake. Mwisho, isawazishe sahani juu ya ncha za vidole na uigonge kwa ukucha. Mlio mrefu na safi unaonyesha ni nzima. Mlio mfupi uliokufa ni dalili ya ufa ambao jicho halijauona.

Pambo limekaa wapi?

Hili ndilo wanunuzi wengi hawaliulizi, nalo ndilo linaloamua seti itaishi miaka mingapi.

Pambo linaweza kuchorwa chini ya glezi, yaani juu ya udongo kabla haujapakwa kioo. Hapo halifutiki, kwa kuwa limefunikwa. Tatizo ni kwamba ni rangi chache zinazostahimili moto wa nyuzi 1400. Kobalti ya bluu inaongoza, na ndiyo sababu kaure nyingi za kale na za kifahari, kutoka Jingdezhen hadi Copenhagen, ni bluu na nyeupe.

Pambo likiwekwa juu ya glezi iliyokwisha kuiva, huchomwa tena kwa moto wa nyuzi 750 hadi 850 tu. Hapo rangi zote zinawezekana, nyekundu, njano, na dhahabu. Lakini zimekaa juu, hazijafunikwa, na kila mkwaruzo wa sponji ya waya huondoka na kidogo. Njia ya kati ni kuchoma pambo kwenye nyuzi 1200 hivi, glezi ilainike na rangi izame ndani yake. Sahani za hoteli nyingi hupambwa hivyo.

Kutambua ni rahisi. Inamisha sahani kwenye mwanga wa dirisha. Ikiwa mng'ao unapita juu ya pambo bila kukatika, pambo liko chini ya glezi au limezama ndani yake. Ikiwa ua linang'aa tofauti na weupe unaolizunguka, na ukucha unakwama kidogo kwenye ukingo wake, liko juu.

Rangi za juu zina suala la afya pia. Risasi na kadimiamu zimetumika miaka mingi kuyeyusha na kukoleza rangi, hasa nyekundu, chungwa na njano, na asidi ya chakula huzitoa. Kipimo cha kimataifa ni kuweka kwenye chombo asidi ya asetiki ya asilimia 4, sawa na siki nyepesi, kwa saa 24 na kupima kilichotoka. Kwa sahani, kikomo ni miligramu 0.8 za risasi na 0.07 za kadimiamu kwa kila desimita ya mraba. Kiwanda makini kitakuonyesha kwamba chombo chake kimepimwa. Sahani ya zamani isiyojulikana ilikotoka, yenye maua mazito katikati, itundike ukutani. Usiihifadhie achari ya ndimu wala mchuzi wa ukwaju.

Mbunifu alifanya nini hasa?

Kubuni umbo la kaure ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu kinachotoka tanurini sicho kilichoingia. Kaure husinyaa takriban asilimia 12 hadi 17. Sahani inayotakiwa kuwa na sentimita 27 hufinyangwa ikiwa na 31 hivi. Zaidi ya hapo, moto ukifika kileleni udongo wenyewe hulegea. Ukingo mpana huinama, kwa hiyo mbunifu huunyanyua kidogo kwenye kalibu, yaani kifaa kinachoupa udongo umbo, ili ukishuka uwe sawa. Mkono wa kikombe huvuta upande mmoja na mdomo hutaka kuwa yai, hivyo vikombe huwekewa pete za udongo uleule zinazosinyaa pamoja navyo. Sahani ya mraba hupinda pembe, na eneo kubwa lililo bapa hubonyea katikati.

Chukua buli. Udongo wa maji humiminwa kwenye kalibu ya plasta, plasta hunyonya maji, na kwa dakika kadhaa ukuta wa udongo hujijenga kwa ndani. Ukifikia unene wa milimita 3 au 4, uliobaki humwagwa. Mdomo na mkono humiminwa peke yake na kubandikwa kwa udongo uleule wa maji. Kimoja kikiwa kikavu kuliko kingine, ufa utatokea kwenye kiungo, na mara nyingi hauonekani mpaka baada ya moto, yaani baada ya gharama zote kulipwa. Kila chombo kilichokataliwa kinaingia kwenye bei ya kile kilichofaulu.

Ndiyo maana dhana kwamba kaure nyeupe tupu ni ya bei rahisi haisimami. Doa la chuma lenye ukubwa wa punje ya pilipili manga iliyosagwa hufichwa na ua. Kwenye weupe mtupu halina pa kujificha. Seti ya Urbino, aliyoibuni Trude Petri mwaka 1931 kwa kiwanda cha KPM cha Berlin, haina ukingo, haina pambo, ni mkunjo mmoja tu kutoka katikati hadi nje, na bado inatengenezwa. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo maana kamili ya ubunifu wa kaure: umbo linalokubaliana na tabia ya udongo. Eva Zeisel naye alilifanya hilo Marekani kwa seti ya Museum ya kampuni ya Castleton, iliyoonyeshwa katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York mwaka 1946.

Mbunifu mwingine hagusi umbo, hubuni pambo. Karen Kjældgaard-Larsen alichukua pambo la bluu ambalo Royal Copenhagen, kiwanda cha Denmark, wamelichora tangu 1775, akalikuza mpaka likajaza sehemu ya sahani na kuacha nyingine nyeupe. Lilianza kuuzwa mwaka 2000 na likawarudisha vijana kwenye chombo cha bibi zao. Hapo unalipia pia kazi ya mkono: kwa hesabu ya kiwanda chenyewe, sahani moja ya pambo la asili huchukua mipigo 1,197 ya brashi.

Kundi la tatu ni nyumba za mitindo. Versace walianza kushirikiana na Rosenthal ya Ujerumani miaka ya 1990: kiwanda kinajua udongo, nyumba ya mitindo inaleta picha na jina. Ushirikiano wa aina hiyo hutoa vyombo vizuri kiwanda kikiwa hodari. Lakini jina hilohilo linaweza kukodishwa kwa kiwanda chochote, na ndiyo maana mhuri wa kitako usomwe wote: nani amebuni, nani ametengeneza, wapi. Mhuri wenye jina la mbunifu bila jina la kiwanda unapaswa kukupa mashaka.

Na jina kubwa la mbunifu halimaanishi kaure. Seti ya Kilta, ambayo Kaj Franck aliibuni kwa kiwanda cha Arabia cha Finland na ikaingia sokoni mwaka 1953, ni miongoni mwa vyombo vya mezani vinavyoheshimiwa zaidi vya karne iliyopita, nayo ilikuwa ya udongo wa moto mdogo. Iliporudi mwaka 1981 kwa jina la Teema ndipo ikapewa udongo mgumu.

Limoges nayo si kampuni. Ni mji wa Ufaransa wenye viwanda vingi, vilivyozaliwa baada ya kaolini kugunduliwa Saint-Yrieix mwaka 1768, na ubora wa viwanda hivyo haulingani. Meissen ni mji pia, lakini panga mbili zilizopishana ni alama ya kiwanda kimoja kilichoanzishwa mwaka 1710, miaka miwili baada ya watafiti Johann Friedrich Böttger na Tschirnhaus kufumbua fumbo la kaure ngumu barani Ulaya. Panga hizo zimeigwa sana. Kwenye kaure halisi ya Meissen, mikwaruzo iliyokata panga kwa makusudi humaanisha chombo kiliuzwa kikiwa na kasoro, jambo ambalo muuzaji wa mtandaoni mara chache hulitaja. Pwani yetu, wakati huo, kaure ya China ilikuwa imeshazoeleka kwa karne nyingi: vipande vyake vinafukuliwa Kilwa na Gedi, na nyumba za Lamu zilikuwa na zidaka ukutani kwa ajili ya kuipanga.

Kabla ya kulipa

Hesabu ya "vipande" huwadanganya wengi. Seti ya vipande 20 ni ya watu wanne: sahani kubwa, sahani ndogo, bakuli, kikombe na kisahani chake, mara nne. Mifuniko nayo huhesabiwa.

Angalia pia kama umbo linafaa chakula chako. Sahani nyingi za wabunifu wa Ulaya zilichorwa kwa chakula kikavu kinacholiwa kwa kisu na uma. Wali na mchuzi kwenye sahani bapa isiyo na ukingo huishia kitambaani. Tafuta sahani yenye kina cha sentimita 3 au zaidi, na upana wa 22 hadi 24.

Dhahabu na fedha haziingii kwenye maikrowevu. Hutoa cheche na huungua. Dawa za mashine ya kuoshea vyombo pia huzila, kwa hiyo zioshwe kwa mkono, kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini. Mistari ya kijivu inayotokea baada ya muda si lazima iwe mikwaruzo: mara nyingi ni chuma cha kisu kilichobaki juu ya glezi. Changanya bikaboneti (baking soda) na maji kidogo, sugua taratibu kwa kidole, na mingi itatoka, pamoja na madoa ya chai. Sehemu zenye dhahabu usizisugue. Ukipanga sahani kabatini weka karatasi au kitambaa kati ya moja na nyingine, maana kitako kikavu cha sahani ya juu hukwaruza glezi ya chini yake. Kikombe kilichotoka kwenye ubaridi kisuuzwe kwa maji ya moto kiasi kabla ya kumiminiwa chai inayochemka.

Muulize muuzaji kama seti hiyo huuzwa pia kipande kimoja kimoja, na pambo lake litaendelea kutengenezwa kwa muda gani. Kama hajui, nunua sahani kubwa mbili na vikombe viwili vya ziada siku hiyohiyo, kwa sababu hivyo ndivyo huvunjika mwanzo. Kujazia kaure ngumu kwa bone china haitafaa hata umbo likifanana: weupe wa moja unaelekea bluu, wa nyingine unaelekea maziwa, na juu ya kitambaa cheupe tofauti hiyo huonekana tangu mlangoni.